Koili Mbele, Pleti Nyuma

Mwaka 1999 Toyota iliitazama upya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililokwisha kubeba madaktari, askari, watalii, wakimbizi na mbuzi wa nchi zetu kwa miaka kumi na mitano, ikalifanyia kazi nusu. Mbele iling'oa springi za pleti ikaweka za koili. Nyuma ilirefusha pleti tu, koili haikuweka. Inama leo chini ya pikapu ya 79 iliyotoka bandarini juzi, utakuta rundo la pleti vilevile. Kampuni yenye wahandisi wengi kiasi kile haiwezi kuwa ilisahau upande mmoja wa gari.

Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayopaswa kumfikirisha kila mwenye Land Rover Series III, Land Cruiser 75 au Suzuki Samurai ambaye amechoka kushuka garini ameshika kiuno. Ndoto yake inajulikana. Amepanda Prado ya shemeji yake, ameona inavyoteleza juu ya mashimo, amerudi kwenye mkweche wake na kuuliza gereji: hivi hili haliwezi kuwekwa koili? Iwe Unga Limited kule Arusha au Industrial Area ya Nairobi, jibu atakalopewa ni kwamba linawezekana, bosi, acha gari. Na kweli linawezekana. Ila pale gereji koili zenyewe ndizo sehemu rahisi ya kazi, na ndizo peke yake zinazozungumzwa siku ya kupatana bei.

Tuanze na kile kinachong'olewa. Springi ya pleti ni vipande virefu vya chuma bapa, vimepindwa kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu hadi kifupi, vikashonwa katikati kwa senta bolti na kubanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ncha moja imefungwa kwenye chasisi kwa bushi. Ncha ya pili inaning'inia kwenye shakeli, kwa sababu springi ikikandamizwa hunyooka na kurefuka, na urefu ule ulioongezeka lazima upate pa kwenda. Ni teknolojia ya enzi za magari ya farasi, na wanaoicheka kwa sababu hiyo hawajaihesabia kazi zake.

Inabeba uzito, hilo kila mtu analiona. Lakini pia ndiyo inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma, isihame kushoto wala kulia, na isijizungushe pale unapokanyaga breki au difu inapopokea nguvu ya injini. Juu ya hayo, pleti zinaposuguana zinapunguza mdundo, zikiisaidia shokapu. Ni kama yule tarishi wa ofisi za zamani aliyekuwa pia mlinzi na mpika chai: ukimstaafisha kwa kuwa anatembea polepole, ndipo unapogundua umeacha nafasi tatu wazi. Koili inajua kubeba tu. Ukiikalisha juu ya ekseli bila kitu kingine, breki ya kwanza itaacha ekseli upande wake na gari upande wake.

Kwa hiyo kubadilisha springi maana yake ni kuunda upya mfumo mzima unaoiambia ekseli ikae wapi. Mbele, njia iliyozoeleka ni mikono miwili mirefu ya chuma inayotoka kwenye chasisi na kuishika ekseli isisogee wala kujizungusha, pamoja na rodi ya Panhard, fimbo inayopita kwa upana kutoka chasisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili ili gari lisicheze kushoto na kulia. Land Cruiser 80 na Range Rover ya zamani zimefungwa hivyo mbele. Nyuma mambo hutofautiana: 80 ina mikono minne na Panhard yake, Range Rover ya kwanza ilikuwa na mikono miwili ya chini na moja ya juu yenye umbo la herufi A iliyokamata ekseli karibu na difu.

Hiyo Range Rover inastahili tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha Waingereza somo ambalo leo kila fundi anataka kulirudia kwa mashine ya kuchomelea. Inasimuliwa kwamba mhandisi Spen King wa kampuni ya Rover alilipitisha gari dogo la saluni la kampuni hiyo, lililokuwa na koili laini zenye mwendo mrefu, kwenye ardhi mbaya, akaona linafika mahali ambapo Land Rover ilikuwa inafika kwa kumtupa dereva hadi darini. Yeye na Gordon Bashford wakabuni gari lenye ekseli nzima za kibabe lakini koili pande zote nne. Lilizinduliwa mwaka 1970. Koili zake zilikuwa laini hata ukilipakia nyuma lilichutama, na hilo walilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana waliweka juu ya ekseli ya nyuma kifaa cha Boge kilichojinyanyua chenyewe gari likitembea, kikaurudisha mkia mahali pake. Raha ile ilikuja na dawa yake kutoka kiwandani. Wanaoiga koili huwa hawakikumbuki kile kifaa.

Land Rover yenyewe, ile ya kazi, ilisubiri hadi mwaka 1983 ndipo One Ten ilipotolewa ikiwa na koili, na Ninety ikafuata mwaka 1984. Ukiiona kwa mbali utadhani ni Series III iliyopakwa rangi mpya. Urefu kati ya ekseli mbili ulitoka inchi 109 kwenda 110, inchi moja tu. Upana kati ya magurudumu ndio uliobadilika kweli, kutoka inchi 51.5 hadi 58.5. Zile kope nyeusi za plastiki juu ya magurudumu ya One Ten, ambazo wengi wanadhani ni urembo, ziliwekwa kufunika matairi yaliyotokeza nje kwa sababu ekseli mpya zilikuwa pana kuliko bodi ya zamani. Chasisi nayo iliundwa upya. Kiwanda chenye michoro yote, vyuma vyote na uwanja wa majaribio hakikubandika koili kwenye chasisi ya Series.

Waingereza wa mitaani waliojaribu waligawanyika makundi mawili. La kwanza lilichukua Range Rover iliyooza bodi, likaacha chasisi, ekseli, mikono na stelingi yake vyote kama vilivyo, likavika juu bodi ya Series. Range Rover ina inchi 100 kati ya ekseli, kwa hiyo ama bodi irefushwe au chasisi ikatwe inchi 12 ili ilingane na Land Rover fupi ya 88. Kundi la pili lilibaki na chasisi yake na kuchomelea mabano ya kushikia koili, mikono na Panhard. Mimi ningekuwa wa kundi la kwanza, na ningetafuta bodi ya kurefusha kuliko chasisi ya kukata. Chasisi nzima inayokuja na kila kitu imeshapimwa na watu waliolipwa kuipima. Mabano ya kuchomelea yanapimwa na wewe, ukiwa barabarani.

Vipimo vyenyewe ndivyo vinavyoua. Kuna mlalo wa ekseli ya mbele ambao mafundi huuita kasta: pini za juu na chini zinazolibeba gurudumu huegemea nyuma kidogo, kwa Land Rover takriban nyuzi 3, na mwegemeo huo ndio unaofanya usukani urudi katikati wenyewe ukitoka kwenye kona. Ukiliinua gari kwa koili ndefu, ile mikono inavuta ekseli izunguke na kasta inapungua. Matokeo yake ni gari linalotangatanga kwenye lami, unalisahihisha kushoto linakwenda kulia, na kwa mwendo fulani magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka kwa fujo hadi usukani unataka kukung'oa mikono. Dereva atalaumu balansi ya matairi. Atabalansi mara tatu.

Halafu kuna Panhard na rodi ya stelingi. Ekseli inapopanda na kushuka, ncha ya Panhard inachora tao, na ncha ya rodi ya stelingi inachora tao lake. Matao hayo yakifanana, usukani hautikisiki. Yasipofanana, kila tuta linageuza magurudumu kidogo bila ruhusa yako. Dawa ni rodi hizo mbili zilale sambamba na ziwe na urefu unaokaribiana. Kwenye Series jambo hili ni gumu zaidi, maana stelingi yake inapitia kifaa cha kugeuzia kilichozikwa kwenye boriti ya mbele ya chasisi, na mpangilio ule haukubuniwa uishi na Panhard. Ukiweka ekseli ya koili mbele ya Series, jiandae kubadilisha na boksi la stelingi. Hapo ndipo bajeti ya kwanza inapokwisha.

Na chasisi yenyewe. Springi ya pleti hukabidhi mzigo kwenye chasisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, mbali moja na nyingine. Koili huusukuma mzigo wote sehemu moja, juu kabisa ya ekseli, mahali ambapo chasisi ya zamani haikuwahi kubeba kitu zaidi ya raba ya kuzuia ekseli isigonge. Usipotandaza nguvu hiyo kwa kuimarisha chuma kwa urefu, nyufa zitaanza pembeni mwa weldi, hasa kama chasisi ilishaliwa na kutu kwa ndani. Gonga kwa nyundo kabla ya kuanza. Sauti ya debe bovu ikijibu, funga kikao. Mipira ya breki lazima irefushwe kwa sababu koili huiacha ekseli ishuke zaidi. Propela nazo hubadilisha pembe, na krosi zake zikilia baada ya wiki moja usishangae.

Nchini Uingereza serikali kwa miaka mingi ilihesabu mambo haya kwa pointi. Gari lililobadilishwa lilihitaji angalau pointi 8 ili libaki na namba na utambulisho wake: chasisi ya asili isiyoguswa ilikuwa na 5, springi 2, ekseli 2, gia boksi 2, stelingi 2, injini 1. Bila ile chasisi isiyoguswa, pointi nyingine zote hazikuokoa. Huku kwetu hatuna hesabu ya namna hiyo midomoni, lakini askari wa usalama barabarani anayejua magari, au mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani kule Kenya, anaweza kuinama chini ya gari lako kama mtu mwingine yeyote. Zungumza nao, na bima, kabla weldi haijapoa. Bima hupenda kusoma faili vizuri siku ya ajali.

Nani basi anafaidika na koili? Jibu la haraka ni wale wa Rhino Charge. Mashindano hayo ya Kenya yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, na uzio ulipokamilika mwaka 2009 yaliendelea kwa ajili ya misitu mingine. Dereva anashindana kufika vituo vyote kwa njia fupi kuliko zote, maana yake ni kupita moja kwa moja juu ya korongo, na huko gurudumu linalobaki ardhini wakati lenzake liko hewani ndilo linalokutoa. Koili zenye mwendo mrefu zinafanya hivyo, pleti ngumu haziwezi. Lakini gari lile linabeba watu wachache, linakimbia siku moja kwa mwaka, na nyuma yake kuna fundi mwenye jenereta.

Sasa chukua Land Cruiser ya kupeleka wageni Serengeti. Imekatwa, ikarefushwa, ikaongezwa viti, paa la kunyanyuka, friji, tairi mbili za akiba, tangi la pili la mafuta. Inaondoka Arusha asubuhi, lami inaisha kwenye lango la Ngorongoro, kisha ni changarawe yenye mawimbi madogo hadi lango la Naabi na kuendelea. Au chukua zile Land Rover za Maralal na Baragoi, au za umasaini Longido na Ngorongoro, ambazo hazina orodha ya abiria bali zina mahali pa kushikia. Magari haya yanataka mkia usiochutama na springi inayovunjika kwa adabu. Pleti moja ikikatika, zilizobaki zinabeba. Dereva anapachika kipande cha gogo, anafunga kwa waya, anafika. Bano la mkono wa koili likichomoka kwenye chasisi, hakuna gogo la kulisaidia. Isitoshe, pleti iliyovunjika haipotei. Huenda kwa mhunzi, na sime zinazoning'inia viunoni huko umasaini si chache zilizoanza maisha yao chini ya gari.

Najua pingamizi litakalokuja: One Ten ina koili nyuma na inabeba kijiji kizima. Ni kweli, na inabeba kwa sababu koili zake za nyuma za kazi nzito ni ngumu hasa. Ipande ikiwa tupu kati ya Makuyuni na popote penye changarawe, halafu uniambie kiuno chako kimepona. Raha ya koili inatokana na ulaini wake, na ulaini na mzigo ni wapinzani wa kudumu. Aliyewapatanisha kwenye Range Rover alihitaji kifaa cha Boge, na siku hizi wanaopatanisha hutumia mifuko ya hewa ambayo mwiba mmoja unaweza kuimaliza.

Kuna mahali pamoja ambapo hoja ya koili za nyuma ina nguvu. Toyota ilipoiwekea 70 injini ya V8 mwaka 2007, ilipanua ekseli ya mbele ili injini ienee, ikaacha ya nyuma kama ilivyokuwa. Magurudumu ya nyuma yakabaki ndani ya yale ya mbele kwa milimita 95 hivi ukijumlisha pande zote mbili. Kwenye mchanga kila gurudumu linachimba njia yake badala ya kufuata iliyokwisha kutengenezwa. Waaustralia walikerwa kiasi cha kuanzisha biashara nzima ya kubadilisha ekseli ya nyuma kwa pana zaidi, na wengi wakishaifungua huweka koili humohumo. Ni kazi nzuri, inafanywa kwa vipimo vya kompyuta na kupewa cheti cha mhandisi. Bei yake ni ya watu wanaolala jangwani kwa starehe.

Kwa wengine wote, kabla ya kumlipa fundi wa weldi, kuna kazi ambayo haifanywi kwa sababu haina sifa. Sehemu kubwa ya ugumu wa gari kuukuu ni kutu kati ya pleti na bushi zilizokufa, wala si pleti zenyewe. Pleti zilizoshikana kwa kutu haziachiani kwenye mawimbi madogo ya changarawe. Nguvu ndogo haitoshi kushinda msuguano, springi inakuwa kama gogo, na kila wimbi linapita moja kwa moja hadi kwenye meno yako. Fungua rundo lote. Sugua kila pleti hadi chuma kionekane, paka grisi yenye grafaiti, badilisha bushi na pini, hakikisha shakeli zinacheza. Kisha, na hapa gereji nyingi hukosea, usikaze bolti za bushi za raba gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likae kwa uzito wake ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, raba inabaki imesokotwa maisha yake yote, inaongeza ugumu na kuchanika mapema.

Fundi atakushauri njia ya mkato: "Bosi, tutoe pleti mbili." Gari litalainika kweli. Pleti kuu nayo itabeba kazi ya wenzake waliotolewa, na siku moja itakatikia penye tundu la senta bolti. Kama ulaini ndio unaoutaka, tafuta springi za paraboli, ambazo zina pleti chache, kila moja nene katikati na nyembamba kwenye ncha, zikigusana sehemu chache tu. Zinaingia kwenye mabano yaleyale ya Series bila kuchomelea kitu. Ila kwa kuwa hazisuguani, zinahitaji shokapu nzuri, na shokapu za bei ya chee zitakurudishia kila senti uliyookoa kwa njia ya maumivu. Punguza na upepo wa matairi kwenye changarawe. Madereva wa mbugani wanafanya hivyo kimya kimya na hawadai umewalipa kwa siri hiyo.

Ukishayafanya yote na bado unataka koili, fanya kama Toyota ilivyofanya 1999: mbele tu. Uzito wa mbele haubadilikibadiliki, injini haishuki kituoni, kwa hiyo koili inaweza kuchaguliwa laini na ikabaki sahihi. Kwa mwenye 75, ekseli ya 80 pamoja na mikono, Panhard na boksi la stelingi kutoka gari moja, yaani vyote na si kimoja kimoja kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, ndiyo njia yenye busara, ukikumbuka kwamba ni pana kuliko ile ya kwako na matairi yatatokeza. Fundi apigie weldi za kushikilia tu kwanza, gari likae chini, kasta ipimwe, usukani uzungushwe mwisho kushoto na mwisho kulia huku ekseli imekandamizwa upande mmoja, kuona kama kuna kinachogusana. Ndipo ichomelewe moja kwa moja.

Wiki za mwanzo uliendeshe tupu, karibu na nyumbani, kwa mwendo wa kwenda sokoni. Kisha rudi gereji, kaza upya kila bolti ya mikono na Panhard, osha matope kwenye weldi na uziangalie kwa tochi. Kila safari ndefu ikiisha, tochi tena.